Nta Niliichuja Mimi

Baba,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini mkono umekataa kuandika neno jingine kabla ya hilo. Nimekaa kwenye kigoda chako, mlango wa karakana uko wazi, ni saa nne asubuhi, na mbele yangu kuna gari jeusi linalong'aa mpaka naona kilemba changu kimekaa upande. Mikono inanuka tapentaini. Nakuandikia kabla hawajaja kulichukua, kwa sababu kuna jambo nimelifanya na wewe ndiye mwenye haki ya kulisikia kutoka kwangu.

Nimesema, Baba. Nimesimama mbele ya mkutano mzima wa ushirika nikasema kwamba ile nta niliichuja mimi.

Kasirika ukitaka, lakini nisikilize mpaka mwisho. Ulikuwa na tabia ya kuondoka katikati ya maneno ukisingizia kufuata maji ya kuoshea gari. Safari hii huna pa kwenda.

Arobaini yako imepita wiki tatu sasa. Mama hajambo. Anakaa upande wake ule ule wa mkeka, na chai bado anapika ya watu watatu. Hatulisemi jambo hilo. Kikombe cha tatu nakinywa mimi, na mimi sipendi chai yenye tangawizi kiasi kile.

Karakana sasa ni ya ushirika kwa maandishi, siyo kwa maneno tu kama ulivyoiacha. Kuna ubao mlangoni, kuna katibu, kuna mkutano kila Jumamosi, na kuna Mwenyekiti Sefu. Ni Sefu huyo huyo mpiga rangi uliyemfundisha kutofautisha rangi iliyokufa na rangi iliyolala. Siku hizi hata akitaka kuazima bisibisi anaanza kwa "ndugu wajumbe." Makopo ya nta ya ng'ambo yamekwisha kabisa. Ukiuliza dukani wanakuonyesha rafu. Lile la mwisho ulilolifungia kabatini tulilikwangua kwa kijiti mpaka bati likalia. Na Shija wa Usinge, aliyekuwa akituletea nta ya porini, amehamishiwa kijiji cha ujamaa. Anasema shule iko karibu na kisima kiko karibu, ila mizinga yake haikuhama naye, kwa hiyo anaifuata kule kule msituni kwa miguu. Bado ananiita Mwanawane, yaani mwanangu, na bado anakuulizia, halafu anakumbuka.

Sasa nirudi kwenye lile jambo. Unalijua, lakini mimi sijawahi kulitamka lote, na wewe hukuwahi kuniuliza.

Nilikuwa na miezi miwili tangu nirudi kutoka Ziba na talaka yangu ndani ya bahasha. Mtaani walikuwa wananitazama kama chungu chenye ufa. Ukanipa kazi ya kuchemsha nta, kwa kuwa ni kazi ya uani na hakuna wa kuniona. Ulinielekeza vizuri: ichemshwe na maji, ichujwe kwa kitambaa, iachwe igande, halafu ule upande wa chini ukwanguliwe mpaka ibaki njano tupu, kwa sababu asali na uchafu hujificha huko. Kisha nirudie. Mara tatu. Ulinionyesha vidole vitatu kana kwamba mimi kiziwi.

Nilichemsha mara moja. Nilikuwa nalia siku ile, Baba. Mara ya kwanza kuni zilikuwa mbichi, na moshi ulinipa sababu ya machozi. Nilipotaka kurudia, kuni zilizobaki zilikuwa kavu na hazikutoa moshi, nikaogopa Mama atanikuta nalia bila moshi. Nikasema inatosha. Sikukwangua. Nililamba kidole kikawa kitamu, nikajua kabisa kwamba kimekuwa kitamu, nikanyamaza. Hilo ndilo nililodhani hakuna aliyelijua mpaka Jumamosi iliyopita, hata wewe.

Wewe ulikuwa na mafua, hukunusa kitu. Ukachanganya nta ile na tapentaini, ukaipaka gari jeusi la kumbebea mgeni wa sherehe za Uhuru, ukalisugua mpaka likawa kama kioo, na asubuhi yake likaenda kusimama kiwanjani mbele ya jukwaa, kwenye jua la baada ya mvua. Walianza kuja nyuki kumi. Halafu boneti likabadilika rangi. Bendi ilikatika katikati ya wimbo, isipokuwa tarumbeta moja iliyoendelea kidogo peke yake. Wazee walifunika nyuso kwa kofia zao, na mgeni mwenyewe alibaki ndani, vioo vimepandishwa, akiwapungia wananchi mkono kutoka humo humo. Dereva aliumwa sikio. Hakuna aliyeumia zaidi ya hapo, namshukuru Mungu, lakini mji mzima ulicheka, na walioandaa sherehe hawakucheka.

Walipokuja kuuliza, nilikuwa nyuma ya mlango wa uani na kata ya maji mkononi. Nilikusikia ukijibu kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda stesheni: "Nta niliichuja mimi." Basi. Uliporudi uani hukunitazama, wala hukusema neno. Ulichukua sufuria, ukaiosha mwenyewe, ukaning'iniza kile kitambaa cha kuchujia. Kwa nini hukunigombeza? Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kile kimya chako.

Gari lile hukuliona tena. Miaka minane umeng'arisha malori ya tumbaku na mabasi ya vumbi kwa mikono iliyostahili zaidi. Na jina ukalibeba. Ulikuwa Fundi Rajabu, ukawa Mzee Nyuki. Mpaka watoto wa madrasa walikujua kwa jina hilo.

Hata siku ya mazishi halikukuacha. Mzee Kibwana, yule Mzaramo wa reli, alikuja kufanya kazi yake ya mtani. Alisimama mlangoni akalizuia jeneza, akasema halipiti mpaka nyuki watoe ruhusa, halafu akavuma: zzzz. Watu wakacheka huku wanalia, kama utani unavyotaka, maana watu wa pwani na sisi tumeachiwa hilo na babu zetu waliobeba mizigo pamoja katika njia moja. Yeye hakukosea. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, nikasikia ule mvumo kupitia dirishani, na niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Ulikuwa unapelekwa kaburini na kosa langu mabegani. Ningeweza kutoka nikasema. Nilijifunika kanga usoni, wakadhani ni majonzi tu.

Ndiyo maana Jumamosi nilisimama.

Ajenda ilikuwa nafasi yako. Nani akae kwenye kigoda hiki, nani apewe magari ya kung'arisha, na nani alitengeneze gari jeusi, kwa sababu sherehe zimekaribia tena na makopo hakuna. Nilikwenda nimejiandaa kubishana. Nilidhani watasema mwanamke, watasema mtalaka, watasema nikakaange vitumbua. Sikubishana na mtu. Sefu alisimama na kusema, "Ndugu wajumbe, mikono ya binti huyu tumeiona. Nafasi ya baba yake apewe. Ila tukubaliane, nta ya kienyeji asiguse. Hatutaki yale ya marehemu." Wakapiga makofi, Baba. Nafasi niliyoiota kwa miaka yote ile ilikuwa imewekwa mapajani mwangu. Nilichotakiwa kufanya ni kukaa kimya, na kukaa kimya nilikuwa nimeshakuzoea.

Nikasimama. Nikawaambia yote: kuni mbichi, kuni kavu, kidole kitamu. Katibu alisimamisha kalamu akauliza aandike au asiandike. Nikamwambia aandike, na jina langu aliandike kamili, Tatu binti Rajabu.

Kelele zilizozuka ungeweza kuzisikia huko uliko. Mmoja akasema mtu aliyeficha miaka minane ataficha na rangi iliyoungua. Nilimsikia na sikumlaumu. Sefu alikaa, akavua miwani, akaniuliza kwa sauti ya zamani, siyo ile ya mwenyekiti, "Kwa hiyo tumemcheka mzee bure?" Nikamjibu ndiyo, bure. Akafuta miwani ambayo haikuwa na kitu. Halafu akasema nafasi isubiri kwanza.

Nikasema haina haja ya kusubiri. Nipeni gari lile lile jeusi. Nitalipaka nta ya Usinge, nitaliegesha sokoni pale pale wanapouza asali, kuanzia saa tatu mpaka adhana ya adhuhuri. Nyuki wakilivaa, kigoda mpeni mwingine, na mimi sitakanyaga hapa tena. Sijui maneno yale yalitoka wapi. Pengine kwako, ingawa wewe ungeyasema kwa ufupi zaidi.

Shija aliniletea nta Jumatatu, imefungwa kwenye majani ya mgomba. Niliichemsha mara tatu kwa kuni kavu, mchana, uani, mlango wazi. Kila ilipoganda nilikwangua upande wa chini mpaka kisu kikawa hakileti kitu. Mara ya nne hukunituma, nilifanya mwenyewe. Nililamba kidole, hakikuwa na ladha yoyote. Nikampa Mama naye alambe. Akanitazama, akalamba, akasema, "Haina kitu." Kisha akasema jambo lililonifanya nikae chini. Alisema ulimwambia siku ile ile ya nyuki kwamba mtu asinilazimishe kusema, kwamba siku ikifika nitasema mwenyewe. Kwa hiyo ulijua kwamba nilinyamaza makusudi. Miaka minane mlijua nyote wawili, mkaninyamazia, mkanilisha.

Nililia hapo bila moshi, mbele ya Mama. Haikuniua.

Halafu nikaja kwenye pedi, vile vipande vya kusugulia dawa ya kung'arisha. Ulikuwa ukisema dawa ni ya duka lakini pedi ni ya fundi, na kwamba gari huharibiwa na kitambaa kabla halijaharibiwa na mkono. Rangi ya gari lile ilikuwa imechoka kweli, imepauka juu ya paa na ina mikwaruzo ya matawi ubavuni. Nilipitisha vidole juu yake kupitia kitambaa chepesi ulivyonifundisha, nikasikia mahali penye chembe na mahali palipolala. Kwa kusugulia dawa kali nikachagua ngozi ya kondoo wa Idi, ile ya mwaka juzi uliyoinyoa mwenyewe ikabaki na manyoya mafupi. Ile ya mwaka jana bado ni ndefu, inapapasa tu, haikati. Nikaipaka dawa kidogo, nikaenda kwa mistari iliyonyooka, kipande kimoja kwa wakati, kila kipande ukubwa wa mswala, siyo zaidi. Kwenye kingo za milango nilipunguza mkono, maana hapo rangi ni nyembamba na haisamehe.

Kipande kimoja cha ngozi kiliniponyoka kikaanguka chini. Kilikuwa kizuri, kimeshazoea mkono. Nilikitazama pale kwenye mchanga, nikakusikia: "Ikianguka imekufa, mchanga utakwaruza rangi." Nikakitupa. Sefu, aliyekuwa anajifanya anatafuta brashi, aliona. Akaacha kutafuta brashi.

Baada ya ngozi, kipande cha blanketi kuukuu na dawa laini, kuondoa ukungu ulioachwa na ile kali. Na baada ya blanketi nikakwama. Kwa ile nta ya mwisho ulikuwa ukitumia pamba iliyochoka kabisa, na zote zilizokuwa kabatini zilikuwa na pindo au kifungo au nyuzi ngumu. Nilijaribu kanga, ikaacha vumbi. Nilikuwa karibu kukata tamaa Mama alipoingia na kifurushi. Ilikuwa kanzu yako ya Ijumaa, ile iliyochakaa mabegani. Siku tuliyogawa nguo zako aliitoa kwenye fungu, nikadhani anataka kuihifadhi. Alikuwa ameshaifua, ameshakata kola na mishono yote, imebaki mraba mweupe mtupu. Akanikabidhi akaondoka kama wewe, bila kungoja jibu.

Sitakudanganya. Nilikaa nayo muda. Halafu nikaikunja mara nne, nikaigusisha nta kidogo tu, na nikapaka nyembamba kiasi kwamba mtu angesema sijapaka. Nikangoja mpaka ukungu ukae. Nikaigeuza upande safi nikafuta. Weusi ukatoka chini kama maji ya kisima, na nikajiona ndani yake, na nyuma yangu ukuta, na kwenye ukuta koti lako la kazi ambalo bado hatujaliondoa.

Jana nililiegesha sokoni. Saa tatu kulikuwa na watu wachache. Kufikia saa tano ilikuwa kama mnada. Wauza asali walifungua madebe yao makusudi, wengine wakachovya vijiti. Nyuki walikuwepo, Baba, tena wa kutosha, wanazunguka madebe, wanazunguka vichwa vya watu. Mimi nilisimama kando ya gari na mikono nyuma. Nilikuwa nimeapa sitafukuza hata mmoja. Jua likapanda, bati likawa moto, harufu ya nta ikatoka, niliisikia mwenyewe.

Karibu na adhuhuri nyuki mmoja alitua. Katikati ya boneti. Soko lilinyamaza. Alitembea hatua chache, akasimama, akajaribu kupanda kuelekea kwenye kioo. Miguu ikakosa pa kushika. Akateleza, akajaribu tena, akateleza mpaka kwenye taa ya mbele, akaruka akarudi zake kwenye debe la asali. Na katika kile kimya Mzee Kibwana, ambaye sikujua kama yupo, akapaza sauti: "Kaanguka mwenyewe! Wala sijamzuia mlangoni!" Hapo soko likapasuka kwa kicheko. Adhana ikaadhiniwa watu bado wanacheka, na gari likiwa jeusi tupu.

Sefu alikuja akapitisha mgongo wa mkono kwenye boneti, vile unavyofanya wewe. Akasema kigoda ni changu. Akasema pia, na hili alilisema kwa kila aliyekuwepo, kwamba kwenye daftari la ushirika jina litakalosomwa ni Fundi Rajabu, na anayetaka kukuita vingine akuite mbele yake. Nilishukuru kwa kichwa tu.

Ahadi yangu ni hii. Kosa la mkono wangu nitalisema kwa mdomo wangu, siku hiyo hiyo, hata gari liwe la nani. Nta nitaichemsha mara tatu hata nikiwa nalia. Kanzu yako nitaitumia kwa kufuta kwa mwisho tu, na siku itakapoanguka chini nitaizika, sitaitupa. Na ile chai nitamwambia Mama apunguze tangawizi, lakini ya watu watatu aendelee kupika.

Nasikia wanakuja kulichukua gari, kwa hiyo nimalizie. Asubuhi hii nilipopita njia ya stesheni, Mzee Kibwana alikuwa kibarazani kwake. Mtani haombi radhi, na yeye hakuomba. Aliniona, akaweka kikombe chini, akakaa sawa, akavuma kwa nguvu zake zote: zzzz. Watu wakageuka kunitazama. Nikamwamkia, shikamoo, nikapita kichwa juu. Na kuanzia kwake mpaka karakana walinivumia wengine wanne.

Ni mvumo wangu sasa, Baba. Nimeuchukua. Lala, hakuna anayekuvumia tena.

Mwanao,
Tatu